PIC16F877A: Tathmini ya Chipu Yenye Benki Nne na Mlango Mmoja wa Katizo

Mikrokontrola nyingi husifiwa au kulaumiwa kwa wingi wa vitu vilivyomo ndani yake, lakini PIC16F877A ya Microchip nitaipima kwa maswali mawili tu. La kwanza: programu inapotaka kugusa rejista fulani (mahali padogo pa data ndani ya chipu), inagharimu nini kuifikia? La pili: tukio linapotokea nje ya chipu, unapita muda gani kabla ya amri ya kwanza ya kulishughulikia kutekelezwa? Mtu anayesoma hati ya maelezo kwa mara ya kwanza ataona kwamba maswali hayo yamo katika sura mbili zilizo mbali. Aliyeitumia chipu hii katika kazi halisi, hasa aliyekwisha kukesha akitafuta kwa nini programu iliyokaa sawa saa nzima huharibika ghafla na kisha kujirudia hali yake, anajua kwamba yanaishi nyumba moja.

Sifa za jumla nizipitie haraka. Chipu ina pini 40, kumbukumbu ya flashi ya maneno 8,192 yenye biti 14 kila moja, RAM ya baiti 368, EEPROM (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) ya baiti 256, taima tatu, USART (kitengo cha kutuma na kupokea data biti moja baada ya nyingine), na kigeuzi cha analogi kwenda dijitali cha biti 10. Amri zake ni 35 tu, na mtu mwenye bidii huzikariri zote katika wiki moja. Inapokea saa ya hadi megahezi 20, na kila mzunguko wa amri hutumia mapigo manne ya saa, kwa hiyo kwa kasi ya juu kabisa amri ya kawaida huchukua nanosekunde 200 na amri ya kuruka huchukua mara mbili ya hapo. Kumbuka kigawo hicho cha nne, maana ndicho kinachowapotosha wanaoilinganisha na chipu nyingine kwa kutazama megahezi peke yake.

Sasa benki. Amri ya biti 14 inapotaja mahali katika RAM, hubaki na biti saba tu za kutajia anwani, na biti saba hufikia mahali 128. Chipu lakini ina anwani 512. Pengo hilo limezibwa kwa kuigawa kumbukumbu katika benki nne zenye mahali 128 kila moja, na biti mbili zinazokosekana hazimo katika amri bali zimewekwa katika rejista ya hali, STATUS, kwa majina ya RP0 na RP1. Maana yake ni kwamba amri haijui inakokwenda. Rejista ya PORTB, ya pini zenyewe, iko kwenye anwani 06h (h ni alama ya namba za msingi wa 16) katika benki 0, na TRISB, inayoamua pini zipi ziwe za kuingiza na zipi za kutoa, iko kwenye 86h katika benki 1. Kwa amri yenyewe hizo mbili ni namba ileile, na RP0 ndiyo inayoamua ni ipi iguswe. Ukisahau kuiwasha RP0 kisha ukaandika amri ya kubadili TRISB, utakuwa umebadili PORTB. Hakuna onyo wakati wa kuendesha na chipu haisimami. Pini tu inapanda au kushuka wakati hukuiomba, na ile uliyotaka iwe ya kutoa inaendelea kusikiliza.

Wakati wa kutafsiri msimbo wa asembli onyo lipo, ila limekuwa la kelele kuliko la msaada. Asembla ya zamani, MPASM, ina ujumbe namba 302 unaosema kwamba rejista iliyotajwa haimo katika benki 0 na kwamba mwandishi ahakikishe biti za benki ziko sawa. Ujumbe huo hutolewa hata pale ulipokwisha kuzipanga vizuri, kwa sababu asembla haifuatilii hali ya biti hizo. Inatazama anwani tu. Programu ya kurasa chache inaweza kutoa makumi ya jumbe za aina hiyo, zote zikiwa za uongo isipokuwa moja. Wengi huuzima kwa agizo la kuunyamazisha, nami niliuzima kwa muda mrefu, na sioni kwamba nilikosea. Njia inayosaidia ni agizo la BANKSEL, ambalo huandika amri sahihi za kuchagua benki kulingana na jina la rejista. Gharama yake ni amri mbili kila linapotumika hata pale ambapo moja ingetosha, na hilo ninalipa bila kinyongo.

Kufikia hapo kero ya benki ni kero ya uangalifu tu. Makatizo yanapowashwa, yaani tukio linaporuhusiwa kuisimamisha programu kuu ili rutini ya kulishughulikia iendeshwe kwanza, ndipo kitumbua kinapoingia mchanga.

Katizo linapokubaliwa, maunzi ya chipu hufanya mambo matatu: huweka anwani ya kurudia katika rundo (stack) lenye ngazi nane, huzima GIE, biti inayoruhusu makatizo yote, ili katizo jingine lisiingie, kisha hurukia anwani 0004h. Basi. Rejista ya kazi W haihifadhiwi, STATUS haihifadhiwi, wala PCLATH, ambayo ndiyo inayoshika biti za juu za anwani ya programu. Rutini ya katizo inaingia bila kupiga hodi, na inaikuta nyumba jinsi ilivyoachwa: kama programu kuu ilikuwa katika benki 2, rutini nayo inaanza ikiwa katika benki 2. Jambo la kwanza inalopaswa kufanya ni kuihifadhi W mahali fulani, na mahali hapo ni lazima pafikike kabla ya kujua tuko benki ipi, kwa kuwa huwezi kubadili benki kabla ya kuihifadhi STATUS, na huwezi kuihifadhi STATUS bila kuipitisha kwenye W.

Chipu inalijibu fumbo hilo kwa baiti 16, zile za 70h hadi 7Fh, ambazo huonekana kutoka katika benki zote nne. Kwa maoni yangu hizo ndizo baiti zenye thamani kubwa kuliko zote 368, na anayezitumia kwa vigeu vya kawaida kwa kuwa ni rahisi kufikika anajinyima mwenyewe. W inawekwa hapo. Kisha STATUS inachukuliwa kwa amri ya SWAPF, ambayo hubadilishana nusu mbili za baiti, badala ya MOVF, kwa sababu MOVF hugusa bendera ya sifuri (biti inayoonyesha kama jibu ni sifuri) iliyomo ndani ya STATUS ileile inayohifadhiwa, na SWAPF haigusi bendera yoyote. Wakati wa kurudi, W hurejeshwa kwa kugeuzwa mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Ni ufundi wa kupendeza, ingawa mtu anayeusoma bila kuambiwa sababu atadhani mwandishi alikuwa amelala.

Katika eneo hilo nina kosa langu la kukiri. Niliwahi kuhamisha programu iliyokuwa imetulia kwenye 877A kwenda kwa ndugu yake mdogo, PIC16F873A, ambaye ana RAM ya baiti 192 na hana eneo lile la pamoja. Nilikiacha kigeu cha kuhifadhia W kwenye 70h. Kwenye chipu hiyo, katizo likiingia wakati programu kuu iko benki 1, amri ya kuihifadhi W haiandiki kwenye 70h bali kwenye F0h. Na wakati wa kurudi, kwa kuwa STATUS imekwisha kurejeshwa, W husomwa kutoka F0h ileile. Kwa hiyo uhifadhi wenyewe ulifanya kazi bila dosari, na ndiyo maana sikuushuku. Kilichoharibika ni kigeu kingine nilichokuwa nimekiweka kwenye F0h, kilichofutwa kila mara katizo lilipoangukia katika zile amri chache zilizokuwa zikiendeshwa benki 1. Hati ya maelezo inasema waziwazi kwamba kwenye 873A na 874A mahali pa W patengwe katika benki zote mbili kwa umbali uleule kutoka mwanzo wa benki. Nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo na kuipita.

Tuhesabu muda. Kwa tukio la nje, kama mabadiliko kwenye pini ya INT, hati inataja uchelewaji wa mizunguko mitatu au minne ya amri, kulingana na tukio lilivyoangukia ndani ya mzunguko, na uchelewaji huo ni uleule iwe amri iliyokuwa ikiendeshwa ni ya mzunguko mmoja au miwili. Kuhifadhi W, STATUS na PCLATH kwa mpangilio wa kawaida, pamoja na kusafisha STATUS na PCLATH ili turudi benki 0 na ukurasa wa kwanza, ni amri saba. Kurejesha ni amri sita, na RETFIE, amri ya kutoka katika katizo, huchukua mizunguko miwili. Jumla ni mizunguko 18 au 19 ambayo katizo hulipa mbali na kazi yoyote ya maana: mikrosekunde 3.6 hadi 3.8 kwa megahezi 20, au 18 hadi 19 kwa megahezi 4. Ukitumia FSR, rejista inayoshika anwani ya kusoma RAM, ndani ya rutini, ongeza minne. Programu yako ikiwa haizidi maneno 2,048, PCLATH haina haja ya kuguswa, na unaokoa mitano.

Zaidi ya udogo wa namba hizo, ninachokithamini ni kwamba naweza kuzihesabu kwa vidole. Chipu hii haina kumbukumbu ya akiba, haina kusubiri flashi, wala haina amri inayochukua muda usiojulikana, na mtikisiko wa muda wa kuingia katika katizo haupiti mzunguko mmoja. Kuna chipu za kisasa zilizo na kasi mara nyingi ya hii ambazo mtu hawezi kusema hivyo juu yake bila kuweka masharti matatu. Kwa anayezalisha mawimbi kwa programu, au anayepima upana wa mapigo, uthabiti huo una uzito kuliko kasi.

Lakini mlango wa katizo ni mmoja. Vyanzo vyote, viwe taima, USART, kigeuzi cha analogi au pini ya nje, huingilia 0004h, na ni kazi ya rutini kuuliza ni nani aliyekuja. Kipaumbele ni mpangilio wa maswali yako: unayemuuliza kwanza ndiye anayehudumiwa kwanza. Hapo benki hurudi tena kwa namna ambayo hati haiitilii mkazo wa kutosha. Bendera za matukio ya pembeni zimo katika PIR1 na PIR2, kwenye benki 0, ilhali biti za kuyaruhusu matukio hayo kukatiza zimo katika PIE1 na PIE2, kwenye benki 1. Bendera huwaka hata kama katizo lake halijaruhusiwa. Mfano mbaya kuliko yote ni TXIF ya USART, ambayo huwaka wakati wowote bafa ya kutuma data ikiwa tupu, yaani karibu wakati wote. Rutini inayoiuliza TXIF peke yake itadhani kila katizo la taima ni ombi la kutuma baiti. Ni lazima uiulize pia TXIE, biti inayoruhusu katizo hilo, na TXIE iko benki 1; kwa hiyo katikati ya rutini unapanda benki 1, unauliza, unashuka benki 0, na ole wako ukiwa na njia moja ya kuruka inayotoka bila kushuka. Kuliweka swali hilo mwisho wa orodha, baada ya vyanzo vyenye haraka kuhudumiwa, hupunguza madhara. Baadhi ya watu huweka nakala ya TXIE katika biti ya eneo la pamoja ili wasipande kabisa, nami nimeishia huko.

Kuhusu taima, ushauri wangu ni mfupi: kwa mapigo ya kudumu tumia Timer2, uiache Timer0. Timer0 haina rejista ya kipindi, hivyo anayetaka kipindi kisicho cha 256 hulazimika kuijaza upya ndani ya rutini, na kila anapoiandika husimama mizunguko miwili na kufuta kigawanyi chake. Kosa la muda wa kuingia huwa sehemu ya kipindi chenyewe na hujilimbikiza. Timer2 hulinganishwa na rejista yake ya kipindi, PR2, na kurudi sifuri kwa maunzi, bila kujali rutini imechelewa kiasi gani. Kwa kristali ya megahezi 4, PR2 ikiwa 249 na kigawanyi kikiwa 4, unapata milisekunde moja kamili. Rutini inaweza kuchelewa kuanza, lakini uchelewaji wa leo haubebwi na mapigo ya kesho.

EEPROM inastahili nafasi kubwa kidogo, kwa kuwa ndipo mambo mawili ya tathmini hii yanapokutana kwa nguvu. Kuandika baiti moja kunahitaji rejista za anwani na data, EEADR na EEDATA, zilizo katika benki 2, kisha zile za udhibiti, EECON1 na EECON2, zilizo katika benki 3. Ni lazima uandike 55h, kisha AAh, kisha uwashe biti ya WR inayoanzisha uandishi, amri tano zinazofuatana bila kukatizwa, kwa hiyo unazima GIE kabla yake. Amri tano ni mikrosekunde moja kwa megahezi 20, jambo lisilo na madhara. Madhara huja kwa anayesahau kuiwasha GIE mara baada ya hapo na badala yake akaisubiri WR ishuke. Uandishi wa EEPROM huchukua kwa kawaida milisekunde 4, na unaweza kufika 8. Mzunguko wangu wa kwanza wa aina hiyo ulisubiri GIE ikiwa imezimwa, huku USART ikipokea kwa kasi ya biti 19,200 kwa sekunde, ambapo baiti moja hufika takriban kila mikrosekunde 521. Katika milisekunde nne hufika baiti saba, na bafa ya kupokelea ina nafasi ya mbili pamoja na moja inayoendelea kuingia. Baiti zilizobaki zilipotea, na biti ya OERR, inayoonyesha kwamba bafa imefurika, ilipowaka upokeaji ulisimama kabisa hadi nilipoizima na kuiwasha tena CREN, biti inayoruhusu upokeaji. Nilikuwa nikimlaumu aliyetengeneza waya.

Anayeandika kwa lugha ya C akitumia kompaila ya XC8 atasema kwamba haya yote hayamhusu. Kwa sehemu ana haki: kompaila huchagua benki yenyewe, huhifadhi rejista yenyewe, na kwa kawaida hufanya hivyo vizuri kuliko mwanafunzi wa asembli. Lakini benki hazijaondoka, zimefunikwa tu. Eneo kubwa kabisa la RAM lisilokatika ndani ya benki moja ni baiti 96, na hivyo anayetangaza bafa ya baiti 128 hukataliwa, akabaki akishangaa mbona chipu ina 368. Funksheni inayoitwa na programu kuu na pia na rutini ya katizo hunakiliwa mara mbili, kwa kuwa chipu hii haina rundo la data ambalo vigeu vyake vingekaa, na mtu huona flashi ikiisha bila kuelewa sababu. Rundo la anwani lenyewe lina ngazi nane na hujaa kimyakimya: anwani ya tisa huandikwa juu ya ile ya kwanza. Katizo nalo huhitaji ngazi yake, kwa hiyo programu kuu isihesabu zaidi ya saba, na chini ya hapo ikiwa rutini nayo inaita funksheni.

Kwa ulinganisho, neno benki halikuhitaji kuwa la kuogofya. Kwenye 8051 ya Intel kuna benki nne za rejista R0 hadi R7, na zipo kwa ajili ya kuyasaidia makatizo: rutini hubadili biti mbili katika rejista ya hali, PSW, na kupata rejista nane mpya bila kuhifadhi hata moja ya zile za programu kuu. Huko benki ni njia ya kukwepa gharama. Kwenye 877A benki ndiyo gharama. ATmega328P, chipu ya biti nane ya ukoo wa AVR, kwa upande wake ina RAM ya baiti 2,048 isiyo na benki, mapigo manne ya saa kabla ya kufika kwenye vekta (anwani ya kuingilia katizo) na matatu ya kuruka kutoka hapo, na kila chanzo kina vekta yake. Katika kuandika rutini za katizo haina mshindani miongoni mwa chipu za biti nane nilizozitumia, ingawa ni lazima nayo uihifadhi rejista yake ya hali, SREG, kwa mkono.

Ulinganisho wa haki zaidi ni na mrithi wa ukoo uleule, PIC16F1937. Benki zake ni 32, na msomaji aliyefika hapa anaweza kuguna. Hata hivyo benki huchaguliwa kwa amri moja, MOVLB. Maunzi huhifadhi W, STATUS, BSR (rejista ya kuchagua benki), FSR na PCLATH yenyewe. Rundo lina ngazi 16. Na FSR inaweza kuiona RAM ya benki zote, isipokuwa baiti 16 za pamoja, kama safu moja iliyonyooka kuanzia 2000h, hivyo bafa kubwa inawezekana. Uchelewaji ni mizunguko mitatu hadi mitano na RETFIE ni miwili, yaani chini ya mikrosekunde moja kwa megahezi 32, dhidi ya 3.6 nilizozihesabu hapo juu. Mlango wa katizo umebaki mmoja, na PIE1 ingali benki 1.

Kwa kazi mpya, kwa hiyo, siichagui tena 877A. Kwa bodi zilizokwisha tengenezwa, zinazofanya kazi na zinazohitaji marekebisho madogo tu, siibadilishi. Kwa mtu anayejifunza asembli ninampa 877A kabla ya chipu nyingine yoyote, nikimwambia azime ujumbe 302, aweke vigeu vitatu vya kuhifadhia kwenye 70h, 71h na 72h kabla ya kuandika kitu kingine, na asiisogelee EEPROM hadi rutini yake ya katizo iwe imeendeshwa usiku kucha bila kosa.